Kadi ya Mgeni

Kadi ya mgeni huandikwa na mimi.
Wino mzito, herufi kubwa,
jina juu, na chini yake mtu huyo ni nani:
mshairi, balozi mstaafu, bingwa wa mbio ndefu.
Miaka kumi na moja, Alhamisi ya mwisho wa mwezi,
ukumbi wa maktaba, Moshi, si mbali na mnara wa saa.
Nikimaliza kadi napanga viti, nachemsha chai,
kisha napita na kipaza sauti kati ya safu
kama mzee wa kanisa na kapu la sadaka,
ila changu hurudi kimejaa mate.

Nilimpigia simu: Mama, chini ya jina niandike nini?
Akanyamaza. Nikasikia salio langu likiteketea.
"Oslo wananiandika Mwafrika.
Dar wananiandika Mchaga.
Uru, kwa baba yangu, mimi ni yule wa Oslo.
Acha wazi."
Nikaacha wazi. Lakini kadi tupu huonekana kazi ya mvivu,
kwa hiyo nikapiga mstari.

Alhamisi ikaja na ukungu wa Juni.
Mlima haukuonekana wiki nzima
wala hakuna aliyeuliza umekwenda wapi.
Bi Ndeenengo Kileo alisema vizuri, sitamnyima haki yake.
Alisema mtu huvaa asili yake kama koti la Memorial:
lilishonwa kwa bega la mwingine,
wewe unalipunguza, unalipunguza, mpaka likukae.
Wanafunzi wakaandika.
Mimi nilikuwa naangalia waya wa spika.

Ndipo akafika kwa bibi yake, na mkungu wa ndizi kichwani,
"na chini ya mkungu kuna ile... ile..."
kidole kikizungusha duara juu ya mvi zake.
"Ngata," akasema kijana wa mbele.
"Ngata naijua. Nataka neno la bibi."

Ukumbi ukaamka.
Mzee wa Machame akatoa lake, kwa yakini ya karani wa benki.
Mama wa Marangu akacheka mpaka akashika ubavu:
hilo kwetu ni kiota cha kuku!
Rombo wakaleta la tatu, Kibosho la nne,
na shangazi mmoja wa Old Moshi akasema yote ni makosa
isipokuwa lake, ambalo amelisahau.
Nilikimbia, jasho kwenye baridi ile.
Waliosinzia tangu utangulizi
sasa wamesimama kutetea jani kavu la mgomba.
Mgeni alikuwa ameketi. Kurasa saba hazikusomwa.
Aliandika kila neno, nyuma ya kadi yangu.

Kisha akainua macho.
"Na wewe? Kwenu mnaitaje?"

Mimi.
Mtu wa Ilongero, Singida, niliyeshuka hapa na lori la vitunguu,
nikaoa, nikazika mtoto, nikajenga Pasua vyumba viwili,
na jirani yangu hadi leo ananisalimia "mgeni wetu".
Kwetu hakuna mgomba.
Ngata ya mama ilikuwa kipande cha kanga iliyochakaa,
alikisokota alfajiri, akachuchumaa chini ya ndoo,
na neno alilitamka kwa pumzi ya kuinukia.

Nikakileta mdomoni kipaza sauti
nilichowashikia wengine miaka yote hiyo,
nikalisema.
Taa yake ilikuwa imezima. Betri.
"Rudia!" wakasema wa nyuma.

Nikarudia kwa koo tupu,
nikajisikia nalitamka kama Mchaga.
Mama wa Marangu alipiga makofi, peke yake.